Vitabu Matawini: Hesabu Kwanza, Lawama Baadaye

Katika ukurasa huu napenda tuzungumze habari ya biashara ya vitabu. Najua wapo watakaouliza: mtu wa kiwanda cha korosho au mtu wa shamba la minazi ana haja gani na duka la vitabu? Jibu langu ni fupi. Mfanyakazi asiyesoma hutia dole gumba kwenye mkataba alioandikiwa na mwingine. Na kitabu hakiji chenyewe kijijini. Lazima awepo mtu wa kukileta, mtu wa kukiuza na mtu wa kuhesabu fedha yake. Huyo naye ni mfanyakazi kama sisi, na haki yake ni haki yetu.

Hapa Quitunda jambo hili si la mbali. Kijiji hiki kilijengwa kwa ajili ya watu waliohamishwa katika rasi ya Afungi kupisha mradi wa gesi. Palma ilipovamiwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu ya watu walikimbilia hapa. Mwezi uliofuata mradi ukasimamishwa, na ilikuwa Novemba 2025 ndipo kampuni ilipotangaza kuondoa zuio hilo. Sasa kila kijana anauliza habari ya kazi. Na kazi za namna hiyo zinakuja na karatasi: fomu, mkataba, kanuni za usalama, na lugha ya karatasi hizo ni Kireno au Kiingereza. Mvuvi au mkulima ambaye lugha yake ni Kimwani, Kimakonde au Kiswahili anahitaji kamusi. Anahitaji kitabu cha kujifunzia. Mtoto wake anahitaji daftari na kalamu.

Ndiyo maana wapo wenzetu wanaosema: tuanzishe duka la vitabu la ushirika, tena lisiwe moja. Liwepo Quitunda, liwepo Palma, Mocímboa da Praia, Mueda na Pemba. Mimi naunga mkono. Lakini naunga mkono kwa sharti moja: duka lenye matawi lisimame juu ya hesabu iliyo wazi, na mwuzaji wa tawi asikatwe mshahara kwa hasara ambayo haikuhesabiwa mbele ya macho yake.

TULIYOYAONA ZAMANI

Maduka ya watu yenye matawi si jambo geni kwetu. Wakati wa vita vya ukombozi, katika maeneo yaliyokombolewa ya Cabo Delgado, palikuwa na maduka yaliyopata bidhaa kutoka Mtwara, zikivushwa mto Ruvuma. Lázaro Nkavandame, aliyekuwa mwenyekiti wa FRELIMO wa jimbo, ndiye aliyekuwa na madaraka juu ya biashara hiyo. FRELIMO ilimshutumu yeye na wenziwe kwamba waligeuza biashara ya wananchi kuwa faida yao. Ugomvi ukakua mpaka akavuliwa madaraka, na mwaka 1969 akajisalimisha kwa Wareno. Funzo ni hili: mali ya watu wengi ikiwa katika mkono wa mtu mmoja, na daftari halisomwi mkutanoni, hata vita vya haki haviwezi kuzuia fitina.

Baada ya uhuru mwaka 1975, wenye maduka Wareno walipokimbia, serikali ya Msumbiji ilifungua Maduka ya Watu nchi nzima. Nia ilikuwa njema. Lakini kuendesha maduka mengi kwa amri ya kutoka juu kulishindikana. Ilipofika mwaka 1980 Rais Samora Machel alitangaza kwamba serikali itajitoa katika biashara ndogo ndogo. Tanzania nayo mwaka 1976 ilikuwa na Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya ushirika yashike nafasi, na sehemu nyingi wananchi wakabaki bila chumvi wala sabuni.

Upande wa vitabu hasa, tutazame Tanzania Elimu Supplies. Shirika hili la umma ndilo lililopewa kazi ya kusambaza vitabu vya shule nchi nzima. Vitabu viliweza kufika mkoani au wilayani, lakini kutoka hapo mpaka shuleni ilikuwa shida: gari hakuna, mafuta hakuna. Kitabu kilicholala stoo ya wilaya hakina faida kwa mtoto aliyeko kijijini. Mwaka 1991 serikali ya Tanzania ikatoa sera mpya iliyowaachia wachapaji na wauzaji binafsi kazi hiyo. Wakati huo huo Nairobi tunaona mfano mwingine: Text Book Centre, duka lililoanzishwa mwaka 1964, bado lipo na lina matawi. Wao hawakutegemea vitabu peke yake. Wanauza pia madaftari, kalamu na vifaa vya ofisi.

Sisemi kwamba bepari ana akili na ushirika hauna. Nasema kwamba duka la mbali halisimamiwi kwa hotuba. Linasimamiwa kwa daftari, kwa usafiri, na kwa mtu wa tawini anayeheshimiwa.

HESABU YA KITABU KIMOJA

Tufanye hesabu ya mfano, kila mtu aielewe. Tuseme kitabu tumekinunua kwa bei ya jumla metikali 200, tunakiuza metikali 250. Faida ni metikali 50. Sanduku la vitabu 40 likibebwa kwa gari kutoka Pemba kwa metikali 1,000, kila kitabu kimekula 25 njiani. Imebaki 25. Hapo hujalipa pango, wala mlinzi, wala mshahara wa mwuzaji.

Sasa kitabu kimoja kikipotea, au kikiliwa na mchwa, au kikilowa mvua, ushirika umepoteza metikali 200 za kununulia na 25 za njiani, jumla 225. Ili kuzirudisha lazima uuze vitabu tisa vingine. Ndugu wafanyakazi, vitabu tisa kwa ajili ya kimoja! Ndiyo maana wenye maduka wanakuwa wakali juu ya upotevu. Ukali huo nauelewa. Ninachokataa ni mzigo wote kutupwa juu ya kichwa cha mtu mmoja, yule wa mwisho katika safari ya kitabu.

Kisha kuna jambo la mtaji. Metikali 60,000 katika duka moja ni vitabu 300. Ukizigawa katika maduka matano, kila duka lina vitabu 60 tu. Mteja wa Mueda anataka kamusi, kamusi iko Palma. Mteja wa Palma anataka kitabu cha hesabu, kiko Mueda. Maduka yote matano yana mali, na yote matano yanamrudisha mteja mikono mitupu. Huo ndio ugonjwa wa matawi.

MWUZAJI WA TAWI

Namfahamu mwuzaji mmoja aliyefanya kazi kwa tajiri mwenye maduka kadhaa. Mzigo ulimfikia katika sanduku lililokwisha funguliwa njiani. Hakupewa orodha ya kulinganisha. Aliambiwa weka sahihi, dereva ana haraka. Mwisho wa mwezi alikuja karani, akahesabu peke yake mwuzaji akiwa amekwenda kula, akasema vitabu 12 havipo. Mwuzaji akakatwa metikali 3,000. Angalieni vizuri hesabu hiyo. Vitabu 12 kwa bei ya kununulia ni 2,400. Yeye alitozwa kwa bei ya kuuzia, 250 kila kimoja. Maana yake tajiri alipata faida hata juu ya vitabu vilivyopotea! Mteja wake mzuri kuliko wote alikuwa mfanyakazi wake mwenyewe.

Ninyi wa mashambani mnaijua hadithi hii kwa jina lingine. Ni hadithi ya mizani. Wazee wetu wametuhadithia pamba ya lazima ya wakati wa Wareno, jinsi mtu alivyobeba mzigo wa msimu mzima akaambiwa uzito na mtu mwingine aliyesimama mbele ya mizani. Leo mwokota korosho anayepimiwa kwa mgongo, na mtu wa kiwandani anayekatwa kwa chombo kilichopotea zamu ya mwenziwe, wote ni ndugu wa huyu mwuzaji wa vitabu. Anayehesabu peke yake ndiye anayeamua ukweli.

Watasema: mwuzaji akijua hakatwi, ataiba. Najibu: mwizi hukamatwa kwa hesabu, hakamatwi kwa makato. Makato bila hesabu ndiyo yanayomficha mwizi. Anayeiba njiani au stoo anastarehe, kwa kuwa anajua mwisho wa mwezi mwuzaji wa tawi atalipa na daftari litakuwa sawa. Lakini hesabu ikifanywa kila mahali mzigo unapobadilisha mikono, kitabu kilichopotea kitaonekana kimepotelea wapi. Mwizi akipatikana, hata akiwa mwuzaji mwenyewe, chama hakitamkinga.

NJIA NINAYOPENDEKEZA

Ikiwa ushirika wa vitabu utaanzishwa, basi mambo haya yaandikwe katika kanuni zake kabla sanduku la kwanza halijafunguliwa.

La kwanza, tusianze na maduka matano. Tuanze na mawili, Palma na Quitunda, yaliyo jirani. Tujifunze kutembea kabla ya kukimbia.

La pili, kila mzigo uende na orodha ya nakala tatu. Moja ibaki stoo, ya pili ibaki tawini, ya tatu irudi na sahihi ya dereva na ya mwuzaji. Sanduku lifunguliwe mbele ya wote wawili. Pungufu liandikwe hapo hapo, na dereva asubiri.

La tatu, anayeshika mali asiwe ndiye anayeshika fedha za ushirika. Mauzo yapelekwe kwa simu au benki kila wiki, na risiti ibandikwe katika daftari.

La nne, kila mwisho wa mwezi mali ihesabiwe na watu watatu: mtu wa ofisi, mwuzaji mwenyewe, na mwakilishi wa wafanyakazi. Wasipokuwepo wote watatu, hiyo si hesabu.

La tano, pawe na mfuko wa hasara. Katika kila kitabu kinachouzwa tuweke kando metikali 5. Vitabu 45 vikiuzwa, tumepata 225 za kufidia kitabu kimoja kilichopotea. Hasara ya kawaida, ya mchwa na mvua, ilipwe na mfuko huo, isilipwe na mshahara wa mtu. Na hata pale kosa la mtu linapothibitishwa, atozwe bei ya kununulia. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Kazi namba 23 ya mwaka 2007 iliweka kikomo kwamba makato yote ya mwezi yasizidi theluthi moja ya mshahara. Huo ulikuwa mpaka wa juu wa sheria. Ushirika wa wafanyakazi uwe na huruma kuliko mpaka.

La sita, vitabu vya bei kubwa tuvichukue mali kauli kila inapowezekana, ili kisichouzwa kirudi kwa mchapaji. Kitabu kilichokaa tawini miezi mitatu bila kuguswa kihamishiwe tawi lingine. Wauzaji wapigiane simu kila wiki kuambizana nani ana nini.

La saba, madaftari na kalamu ndiyo chakula cha kila siku cha duka. Vitabu vya shule vina msimu, mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Baada ya hapo miezi ni mirefu, na ni kalamu itakayolipa mshahara. Mshahara wa mwuzaji upangwe kwa mwaka mzima, asije akaachishwa msimu ukipita.

La nane, tutazame pande zote mbili za Ruvuma. Vitabu vya Kireno vitatoka Pemba na kusini zaidi. Vitabu vya Kiswahili viko Tanzania, na Mtwara ni karibu nasi kuliko Pemba. Lakini kuna forodha, na kuna fedha mbili tofauti. Gharama hizo ziingie katika bei tangu siku ya kwanza, zisije zikagunduliwa mwisho wa mwaka zikaitwa uzembe wa mwuzaji.

Ndugu wafanyakazi, Msumbiji ilipopata uhuru, watu zaidi ya 9 katika kila 10 hawakujua kusoma. Tarehe 3 Julai 1978 kampeni ya taifa ya kufuta ujinga ilianza, na viwanda na mashamba ya ushirika yakawa madarasa. Walioanza kazi ile hawakungoja barabara ziwe nzuri. Lakini mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma, baada ya miaka michache amerudi alikotoka. Duka la vitabu kijijini ni kazi ile ile ikiendelea.

Basi katika mikutano ya matawi yetu, jambo hili liwekwe katika ajenda. Wanaotaka ushirika wa vitabu waje na majina na viingilio vyao. Na ninyi mnaofanya kazi katika maduka ya matajiri, msisaini orodha ambayo hamkuihesabu. Mkilazimishwa, andikeni kando ya sahihi: sikuhesabu. Ni neno moja dogo, lakini siku ya kesi litasema kwa niaba yenu.

Hesabu ya wazi haimwogopeshi mwaminifu. Anayeikataa aulizwe kwa nini.