Mpango Huu Uko Kando ya Nini?

Mnamo Machi 2013, tangazo moja la televisheni liliondolewa hewani humu nchini baada ya viongozi wa dini, Wakristo kwa Waislamu, kulilalamikia. Lilionyesha wanawake wawili wakizungumza. Mmoja, mke wa mtu, alikuwa na mpenzi wa nje; mwenzake akamshauri atumie kondomu. Walalamishi walishikilia kwamba tangazo hilo lilihalalisha uzinzi. Wana haki ya kuuita uzinzi dhambi, lakini kulizima tangazo hakukumwondoa yule mpenzi wa nje.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu wala kasisi, na kilichonishughulisha tangu wakati huo ni msemo wenyewe: mpango wa kando. “Mpango” hutupa picha ya jambo lililofikiriwa na kupimwa. “Kando” hutuhakikishia kwamba jambo hilo liko pembeni, halivuki kizingiti cha nyumba. Maneno yote mawili yanatuhadaa. Uchunguzi wa njia za maambukizi uliotolewa nchini mwaka wa 2009 ulikadiria kwamba takriban asilimia 44 ya maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yalitokea miongoni mwa wanaume na wanawake walio katika ndoa au uhusiano wa kudumu. Kando ya nini, basi?

Katika eneo la Ruiru kuna mtaa uitwao Mwihoko. Neno hilo la Kikuyu lina maana ya tumaini, na pia imani ya kumtegemea mtu. Ni jina zuri mno la mtaa, ila kama kipimo cha hatari halifai kitu. Wapenzi wengi hutumia kondomu wakiwa wageni, kisha baada ya miezi michache huiacha kwa kuwa “sasa tunaaminiana”. Katika damu yao hakuna kilichobadilika. Hawajapimwa, hawajaulizana, wamezoeana tu.

Wapo pia wanandoa wanaokubaliana waziwazi kubadilishana wenzi. Sina nia ya kuwatetea, na sijui jina lao la Kiswahili ambalo si tusi. Hata hivyo wana jambo moja ambalo mwenye siri hana: wanaweza kuulizana, na kila mmoja ameikubali hatari yake. Anayecheza bahati nasibu kwa fedha zake ni shauri lake. Anayecheza kwa fedha za mkewe, mke asijue, tumwiteje?

Na hesabu yenyewe inataka maswali. Mwenye wapenzi wawili kwa wakati mmoja ameunganishwa na wote walio nyuma yao. Katika wiki za kwanza baada ya kuambukizwa, virusi huwa vingi sana mwilini, ilhali kipimo cha haraka huenda kisionyeshe lolote mpaka miezi mitatu ipite. Kwa hiyo jibu la kliniki la juzi halielezi habari za mwezi jana. Dawa za kumeza za kuzuia maambukizi, zilizozinduliwa nchini mwaka wa 2017, humkinga vyema asiye na virusi akizimeza ipasavyo, lakini hazizuii kaswende, kisonono wala mimba. Anayeishi na virusi, akidumu na matibabu hadi virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Aliyepasukiwa na kondomu ana saa 72 za kuanza dawa za dharura, na heri aende mapema. Yote haya yanafaa, lakini mke asiyejua kwamba kuna hatari atayatumiaje?

Hapa ndipo ninapomwona mwalimu wa Kiswahili. Wanafunzi wake wa sekondari wanaujua msemo huu vizuri, pengine kumshinda. Badala ya kuukwepa, na auandike ubaoni, awaulize unaficha nini na unamficha nani. Kisha awape sentensi za kutunga: Ulipimwa lini? Tangu siku hiyo umelala na nani? Wako wangapi wengine, nao je, wamepimwa? Kisarufi ni sentensi nyepesi, hata mtoto wa darasa la nne angezitunga. Ni watu wazima wangapi wameshawahi kuzitamka mbele ya mtu wanayelala naye?