Kupiga Hodi Si Kuomba

Wako watu hapa kwetu wanaoamini kwamba mtu anayepita mlango hadi mlango akitafuta kazi ya kusafisha nyumba ni mtu aliyeshindwa maisha. Wakimwona getini na ndoo yake humjibu kama wanavyomjibu ombaomba, ama kwa huruma ama kwa karaha. Mimi napingana nao, na sababu zangu nitazieleza. Biashara hiyo ninaifanya katika mji wa Same, mimi na akina mama wenzangu wawili. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Sisi yetu tunaila kila siku, wala kwa hilo hatulalamiki. Tunalo jingine la kulalamikia.

Hebu kwanza tuelewane kazi yenyewe ni ipi. Same iko tambarare, chini ya Milima ya Upare, upande ambao mvua haifiki kwa wingi. Upepo ukivuma, vumbi huingia hata katika nyumba iliyofungwa madirisha yote. Abiria wa mabasi ya Dar es Salaam na Arusha hulionja vumbi hilo kwa dakika chache tu. Sisi tunalala nalo. Kwa miaka mingi maji yalikuwa ya kuhangaikia kwa dumu, mpaka mradi wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulipozinduliwa Machi 2025. Katika mji wa namna hii, nyumba safi ina mtu aliyeinama kwa ajili yake.

Kubisha hodi nako kuna adabu yake. Hubishi alfajiri wakati watoto wanaandaliwa kwenda shule, wala saa ya chakula. Jumamosi usithubutu kwa Msabato, nao Wasabato Upareni wapo tangu 1903. Ijumaa mchana usiende kwa Mwislamu, na Jumapili asubuhi Walutheri wako kanisani. Siku ya gulio hakuna mtu nyumbani. Ukishapata saa yako, unabisha, unarudi hatua mbili nyuma, unasubiri, huchungulii ndani. Unataja jina lako, mtaa unaotoka, unachofanya na bei yake. Bei unaitaja mwenyewe kabla hujaulizwa, maana anayeficha bei huonekana anamwinda mtu. Katika milango arobaini, ukipata mitano inayokusikiliza, siku hiyo imekwenda vizuri.

Sasa yasikilizeni majibu. Yako mengi, lakini yote yanarudi kwenye matatu.

La kwanza: "Njoo mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ukija unaambiwa njoo tena mwisho wa mwezi. Ndugu msomaji, neno "hapana" ni neno la Kiswahili safi na halina gharama. Mwenye nyumba akilisema, mimi nashukuru, napita mlango wa pili. Watu wetu wanaona haya kukataa, na haya hiyo wanaiita ustaarabu. Ustaarabu gani huo unaomtembeza mtu mara nne juani kwa jambo ambalo moyoni limekwishaamuliwa?

La pili: "Fanyeni kwanza sebule nione, mkiweza tutaongea." Tunadeki sebule, tunasugua masofa, tunafuta madirisha. Kisha tunaambiwa, "Ahsanteni wanangu, Mungu awabariki." Baraka tunaipokea. Lakini mkono mtupu haulambwi, na mwenye duka la sabuni hapokei baraka. Hakuna amwambiaye kinyozi amnyoe nusu ya kichwa aone kama anaweza. Mama lishe haombwi sahani ya wali ya majaribio. Kwa nini ionekane halali kwa kazi ya kusafisha peke yake?

La tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu. "Mimi nina binti hapa. Kwa nini nikulipe wewe?"

Binti huyo ni nani? Mara nyingi ameshuka kutoka milimani, kutoka Mamba, Vudee, Chome, Gonja au Mbaga, ameletwa na shangazi au jirani kwa ahadi kwamba atasaidiwa kusoma cherehani. Anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Anapika, anafua, anabeba mtoto, anachota maji, anadeki. Mwisho wa mwezi anapewa kitu kidogo, au anaambiwa kimetumwa kwa mama yake. Sheria ya mwaka 2004 ya ajira na mahusiano kazini ilikataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na Sheria ya Mtoto ya 2009 ikarudia umri huo huo. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 ilimtaja hata mfanyakazi wa nyumbani: shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Je, ni nyumba ngapi katika mtaa wako, msomaji, ambazo binti aliwahi kuziona 60,000 mkononi mwake?

Nikitaja bei yangu mlangoni, sishindanishwi na kampuni nyingine. Nashindanishwa na mtoto asiyelipwa. Tuseme nyumba ya vyumba vitatu na sebule naitoza shilingi 15,000. Sabuni, jiki na nauli vinachukua 3,000. Zinabaki 12,000 kwa watu watatu waliofanya kazi nusu siku, yaani 4,000 kila mmoja. Mwenye nyumba ananiambia ni ghali. Ghali kuliko nini? Kuliko bure, basi. Bei ya bure haishindiki, kwa sababu aliyeilipa yuko jikoni na hana sauti ya kuitaja.

Watani wetu hutucheka Wapare kuwa ni wabahili, na kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Utani ni utani, nami nacheka. Lakini katika utani huo kuna sifa ninayoipenda: kesi ile ya kuku ni ya haki, haihesabiwi kwa bei ya kuku. Na Same yenyewe ni shahidi. Januari 1945 maelfu ya wazee wetu waliteremka kutoka milimani wakaja kupiga kambi hapa bomani kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Hawakukataa kulipa kodi ya kichwa. Walichokataa ni mtu mwingine kuketi na kuwakadiria mali zao apendavyo, kisha kuwatoza kwa makadirio hayo. Mwaka uliofuata, 1946, wanawake wa Usangi nao waliingia katika mapambano hayo. Hatimaye mbiru ikafutwa.

Wajukuu wa watu hao ndio leo wanasimama kizingitini na kunikadiria jasho langu: "Kazi hii ni elfu tatu tu, mwanangu, ni kufagia tu." Walichokataa babu kutendewa, wajukuu wanawatendea wenzao.

Najua dharau hii ina mizizi. Taifa letu limeuimba usafi sana. Mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, redio zikituhimiza kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa, nchi nzima ikaambiwa ishike mafagio. Hayo yalikuwa mema. Ila tulizoea kuona usafi ni kampeni, au adhabu ya mwanafunzi aliyechelewa, au jukumu la mke na binti. Hatukuzoea kuuona kama kazi yenye ujuzi na ujira. Na mtu anayezunguka kutafuta riziki naye tulifundishwa kumshuku; wakati wa Nguvu Kazi, mwaka 1983, walikamatwa mijini watu wasio na ajira rasmi wakapelekwa vijijini kama wazururaji. Mwaka 2018 serikali ilikuja na kitambulisho cha mjasiriamali kwa shilingi 20,000, ikakiri kwamba mdogo naye anafanya kazi. Serikali ilikwishakiri. Mitaa yetu bado.

Nisionekane nawasema wenye nyumba peke yao. Wako wenzangu wa biashara, na wako waalimu wa semina za ujasiriamali, wanaofundisha kwamba mlangoni lazima ubembeleze, usifie pazia bovu, useme jirani amekwisha kubali hali hajakubali, ukikataliwa ushushe bei mpaka ukubaliwe. Huo ndio uombaji wenyewe! Anayeshusha bei chini ya gharama ya sabuni atapunguza sabuni, na akipunguza sabuni atakuwa amewapa haki wanaosema kazi hii ni ya ovyo. Tena mbaya kuliko wote ni yule anayemsengenya binti wa nyumba ili apate kazi: "Mama, huyu hajui kudeki." Binti hakuniziba riziki. Aliyeziba ni yule asiyemlipa.

Nitajibiwa kwamba Same si Oysterbay, na kwamba mwalimu wa shule ya msingi au muuza tangawizi hana fedha ya kulipia usafi. Ni kweli kabisa, nami sina ugomvi naye. Asiye na uwezo asafishe nyumba yake mwenyewe, na hakuna aibu ndani yake; ndivyo nifanyavyo kwangu. Hata kusaidiana bila malipo tunakujua. Msaragambo wetu ulichimba mifereji na kutunza ndiva milimani, lakini katika msaragambo kila mtu hubeba jembe, na maji hunywesha mashamba ya wote. Binti anayedeki peke yake hafanyi msaragambo. Ugomvi wangu ni na yule mwenye uwezo, mwenye masofa ya kutoka Dar es Salaam na zulia la ukuta hadi ukuta, anayetaka usafi uwepo na msafishaji asiwepo.

Basi nasema hivi. Tukibisha, tujibuni ndiyo au hapana. Kazi ikifanyika, ilipwe siku hiyo hiyo, kwa bei iliyotajwa kabla ndoo haijaingia ndani. Na ukinijibu kwamba unaye binti, sitabishana nawe. Nitakuuliza umri wake na mshahara wake, kisha nitakuaga kwa heshima. Ikiwa majibu ni mazuri, basi nyumba yako imekwisha kupata mtu wake na sisi hatuna la kudai. Ikiwa ni mabaya, hodi ile haikuwa yangu peke yangu.