Jeddah si mbali na Shika Adabu, safari ndiyo ndefu

Kutoka uwanja wa ndege wa Moi pale Port Reitz hadi Jeddah ni kama kilomita 2,860 angani. Miji hii miwili iko karibu kwenye mstari mmoja: ukiruka Mombasa ukashika kaskazini, unafika. Ndege ya abiria ingemaliza njia hiyo kwa saa nne hivi. Hata saa ya mkononi huibadilishi, maana Saudia na Kenya majira ni mamoja.

Sasa muulize msichana wa Shika Adabu aliyekwenda kufanya kazi huko alitumia muda gani. Atakuhesabia siku nzima na zaidi. Ametoka nyumbani jioni, kavuka feri, kapanda basi la usiku Mwembe Tayari, kashuka Nairobi alfajiri, kisha kukaa na begi lake akingoja ndege. Yote kwa sababu wakala kamkatia tiketi inayoanzia Nairobi.

Wengi husema tatizo ni mzunguko. Hesabu inakataa. Mombasa hadi Nairobi kwa ndege ni kama kilomita 420, Nairobi hadi Jeddah 2,570. Mzunguko wote unaongeza kilomita 130 hivi, dakika kumi za kuruka. Muda unaliwa na barabara na viti vya kusubiria. Na wa kupitia Addis Ababa ndiye hana mzunguko kabisa, kwani mji huo uko pale pale njiani.

Kuna nafuu, tusikatae. Qatar Airways ilianza kutua Mombasa 2018, flydubai ikafuata Januari 2024, na Dubai sasa ni saa tano na kidogo. Barabara ya Dongo Kundu nayo imempa mtu wa Likoni njia ya kufika uwanjani bila feri. Lakini anayekwenda Jeddah, Riyadh au Dammam bado lazima abadilishe ndege.

Serikali inaogopa kwamba ikifungua anga ya Mombasa, Kenya Airways itapoteza abiria Nairobi. Hoja hiyo ina uzito wake. Ninachokataa ni kwamba mjadala wote unaendeshwa kwa jina la mtalii wa Ulaya na vitanda vya Diani. Hujaji na mfanyakazi wa Ghuba hawatajwi, na mfanyakazi hana msimu: husafiri Mei kama Desemba. Msiba ukitokea huko, makaratasi peke yake hukawiza maziko. Maiti ikishushwa Nairobi, jamaa watafute tena gari la karibu kilomita 500.

Wabunge wetu wa Pwani watakapodai ndege zaidi, waitaje Jeddah kwa jina. Na wewe mzazi, kabla mwanao hajatia saini, muulize wakala mambo mawili: tiketi yaweza kuanzia Mombasa? Kama haiwezi, nauli ya kufika Nairobi inatoka mfukoni mwa nani?