Kabla umtoe kwaya, muulize hiyo tatuu ni ya nini

Wasee, leo naongea juu ya tatuu na kanisa. Najua wengine mtanikasirikia. Ni sawa.

Binamu yangu alizika mamake mwaka jana. Miezi mitatu baadaye akachorwa jina la mathe kwa mkono. Jumapili moja akakunja shati akipiga kinanda, na wiki hiyo hiyo akaambiwa akae kando mpaka atubu. Saa hii haendi kanisa lolote.

Andiko alilosomewa ni Walawi 19:28. Nimelisoma mwenyewe, na ukweli usemwe: linakataza kujichanja kwa ajili ya wafu na kujichora alama mwilini. Siwezi jifanya haliko.

Lakini si tusome sura yote basi? Mstari wa 27, ule wa juu yake tu, unakataza kunyoa pembe za ndevu, na wazee wetu hupita kwa kinyozi kila Jumamosi. Wa 16 unakataza umbea. Wa 13 unasema mshahara wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Sasa niambie, ni mama fua wangapi wameambiwa "kuja Ijumaa", na hakuna mtu alitolewa kwaya?

Ati mwili ni hekalu? Kweli, iko 1 Wakorintho 6. Ila hapo Paulo alikuwa anaongelea zinaa.

Halafu kuna Wakristo Wakopti wa Misri. Wengi wao huchorwa msalaba mkononi tangu utotoni, wajulikane ni wa Kristo, hata mahali kujulikana hivyo ni hatari. Hapa jirani Ethiopia, utapata akina mama Waorthodoksi wako na msalaba kwa paji la uso. Hao pia watubu?

Sisemi mkimbie mkachorwe. Paulo huyo huyo alisema si kila kilicho halali kinafaa. Tatuu haifutiki kirahisi, na sindano chafu inaweza kukuletea homa ya ini. Na kama bado unakula kwa mathe, ongea naye kwanza. Dhamiri yako ikikataa, wachana nayo.

Lakini binamu yangu hakuwa anaabudu wafu. Alikuwa analilia mamake. Mtu mmoja tu angemuuliza, "Hilo jina ni la nani?", labda kinanda kingekuwa bado kinalia.

Wewe je, uko na tatuu? Kuna mtu kanisani alishawahi kukuuliza ni ya nini kabla akuhukumu?