Pete za kale: alama kwanza, hadithi baadaye

Mwekezaji mdogo anayenunua pete za kale za Uingereza hana budi kusoma alama za ndani kabla ya kusikiliza hadithi ya muuzaji. Nanga maana yake pete ilipimwa Birmingham. Kichwa cha chui, London. Herufi iliyo kando huonyesha mwaka.

Dhahabu ya karati 15, yaani asilimia 62.5 dhahabu halisi, iliruhusiwa mwaka 1854 na kuondolewa mwaka 1932. Pete yenye alama hiyo, ikiwa ya kweli, inajitajia umri wake. Kuiuza kwa sonara kwa uzito ni hasara: mizani hulipa dhahabu, hailipi umri.

Jiwe nalo lichunguzwe. Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kutengeneza rubi mwaka 1902, mwaka mmoja baada ya Malkia Victoria kufariki. Pete inayoitwa ya enzi za Malkia huyo, ikiwa na rubi ya aina hiyo, ama imebadilishwa jiwe ama ni ya baadaye. Kwa vyovyote, bei ishuke.

Asiyeweza kupata uthibitisho alipe bei ya dhahabu tu. Hadithi haina soko siku ya kuuza.