Goti la Kijana Anayekua



Wiki hii tumeazimia kuzungumzia goti. Huenda mtu akastaajabu kwamba goti limepewa safu nzima ilhali malezi yana mambo makubwa kuliko hayo. Lakini nyumbani kwetu palikuwa na goti lililotugombanisha na mtoto kwa muda wa miezi mitatu, na kosa lilikuwa letu.

Kijana wetu alikuwa na umri wa miaka 13. Katika mwaka ule alirefuka ghafla, hata kanzu aliyoshonewa kwa Idi ya kwanza ilipofika Idi ya pili ikawa inamkomea katikati ya muundi. Mpira wa jioni hakuukosa hata siku moja. Ndipo akaanza kulalamika. Alilalamika akipanda ngazi, akalalamika akitumwa dukani, na zaidi ya yote akalalamika akienda sijida. Lakini wenzake wakipiga mluzi pale nje, yeye ndiye wa kwanza kutoka. Nasi tukahukumu upesi: mguu unaouma chuoni na usioume uwanjani ni mguu wa uvivu. Ustadhi naye akatuletea habari kwamba huketi darasani mguu mmoja ameunyosha mbele, jambo lisilo la adabu. Tukamgombeza kwa hilo pia.

Ni nyanya yake aliyetukatiza. Alisema, "Lioneni goti kwanza, ndipo mumseme mtoto." Tulipompandisha suruali tukaona nundu chini ya pia ya goti, ngumu, kubwa kama nusu ya ndimu ndogo. Tulipoigusa alishtuka akavuta mguu. Tulimwomba radhi siku ile ile, na tunaona si aibu kulisema hapa, kwa sababu tangu hapo tumekutana na akina mama wengi ambao nyumba zao zina ugomvi kama ule.

Maradhi hayo hujulikana kwa majina ya madaktari wawili walioyaeleza mwaka 1903, kila mmoja kwa upande wake: Robert Osgood wa Boston na Carl Schlatter wa Zürich. Huwapata zaidi wavulana wa miaka 12 hadi 15, na wasichana mapema kidogo, kwa kuwa wao hutangulia kurefuka. Sababu yake haihitaji elimu kubwa kuifahamu. Msuli mkubwa wa mbele ya paja huteremka, hupita juu ya pia ya goti, kisha kano yake hujishikiza mbele ya mfupa wa muundi. Kwa mtu mzima mahali pale ni mfupa mtupu. Kwa kijana anayekua pangali na gegedu, laini, halijakomaa. Ni mfano wa kigingi cha kufungia mashua kilichosimikwa katika saruji ambayo haijakauka. Kila kijana anapokimbia, anaporuka, anapopiga shuti, kamba huvutwa na kigingi hutikisika. Na katika miezi ambayo mifupa inarefuka kwa kasi, misuli huachwa nyuma ikawa imekaza, na mvuto ukazidi. Mwili hujitengeneza kwa kuongeza mfupa pale pale panapovutwa, na hiyo ndiyo nundu.

Na ile hoja yetu ya uvivu? Mwili ukishapata moto mchezoni, maumivu hupungua kwa muda, na mtoto apendaye mchezo huyavumilia yaliyosalia. Gharama huilipa baadaye, usiku wa siku ile au asubuhi yake. Kupiga magoti ni jambo jingine kabisa, kwa maana uzito wote huangukia juu ya nundu yenyewe. Basi alikuwa anasema kweli katika pande zote mbili.

Wazazi wengi wakishajua hayo hukimbilia kumkataza mtoto mchezo mwaka mzima. Sisi hatuoni kuwa hiyo ndiyo dawa. Mara nyingi maradhi haya huisha yenyewe mfupa unapokomaa, lakini huweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka mmoja au miwili, na kijana aliyefungiwa ndani muda wote huo hupoteza nguvu za paja ambazo goti linazihitaji. Kinachotakiwa ni kupima. Sisi tulimfundisha wetu kuyapa maumivu namba, sufuri ikiwa hakuna kitu na kumi ikiwa hayavumiliki. Yakiwa hayazidi tatu, aendelee. Yakizidi, akae pembeni. Akichechemea, mchezo umekwisha siku hiyo, hata kama timu yake inamlilia. Na akiamka asubuhi goti lingali linauma, basi mpira wa jana ulikuwa mwingi, na wa leo upunguzwe au uachwe. Siku za kupumzika anaweza kuogelea ikiwa haumii, na wa Pwani hatuna udhuru wa kukosa maji.

Baada ya mchezo, barafu. Zile barafu za ubuyu za vifuko zinazouzwa majumbani zinafaa kabisa, mradi zifungwe kwa kitambaa zisigusane na ngozi, na zikae dakika 15 hivi zisizidi 20. (Tatizo letu lilikuwa kwamba dawa ililiwa kabla haijafika gotini.) Maumivu yakizidi, paracetamol kwa kipimo cha umri na uzito wake. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16 bila amri ya daktari.

Kisha yako mazoezi, nayo ndiyo watu huyadharau. Asimame ameshika ukuta, akunje goti, ashike kifundo cha mguu kwa nyuma na kuvuta kisigino taratibu kuelekea kalio mpaka ahisi paja la mbele linanyooka, ahesabu mpaka 30. Ikiwa kukunja hivyo kunamwumiza nundu, angoje mpaka makali yapungue. La pili, aketi mguu umenyooka, akaze msuli wa paja kwa kuhesabu mpaka kumi, aachie, arudie. Utafiti mmoja uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2020 uliwafuata vijana 51 wa miaka 10 hadi 14 waliopunguza mchezo kwa kipimo na kuimarisha mapaja hatua kwa hatua. Baada ya wiki 12, takriban wanane katika kila kumi walisema wamepata nafuu kubwa. Lakini waliokuwa wamerudi mchezoni kikamilifu wakati huo walikuwa wachache sana, na hata ulipotimia mwaka ni kama thuluthi mbili tu. Tumeitaja habari hii ili mzazi asikate tamaa katika wiki ya tatu, na kocha wa mtaani asimharakishe mtoto wa watu kwa sababu ya fainali.

Kuhusu kukanda: tunawaheshimu wakandaji wetu, na mikono yao imewafaa wengi. Hata hivyo, nundu hii si mfupa uliotoka mahali pake. Kuikandamiza kwa nguvu ili "irudi" ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Mafuta ya vuguvugu juu ya msuli wa paja, kwa mkono mwepesi, hayana ubaya. Nundu iachwe.

Ama swala, mgonjwa huswali kwa kadiri ya uwezo wake, na wazazi hawana haja ya kumfanya mtoto aone kwamba maumivu yake yanamtia dosari mbele ya Mola wake. Kwetu sisi mkeka uliokunjwa mara mbili chini ya magoti ulitosha siku nyingi. Kwa siku mbaya mwulizeni ustadhi wenu namna ya kuswali kwa kuketi. Na tafadhali mwelezeni pia kwa nini mtoto amenyosha mguu darasani, ili asidhaniwe kukosa adabu.

Wasichana wasisahauliwe. Wao pia hukimbia, huruka kamba, hucheza netiboli shuleni, na wengi hupatwa na maumivu ya namna nyingine, yanayozunguka pia ya goti, yanayozidi wakishuka ngazi au wakikaa muda mrefu magoti yamekunjwa. Mvulana akichechemea huulizwa ameumia wapi. Msichana akichechemea huambiwa anakwepa vyombo. Dawa yake inakaribiana na ile ya kwanza: kipimo katika harakati, na nguvu za paja na nyonga.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuiandike safu hii. Si kila goti la kijana ni goti la kukua. Mwambie mtoto akuoneshe kwa kidole kimoja panapouma. Mwenye maradhi tuliyoyaeleza kwa kawaida hukiweka kidole juu ya nundu bila kusita. Anayelifunika goti zima kwa kiganja, au asiyejua aoneshe wapi, apelekwe kwa daktari. Apelekwe vilevile ambaye maumivu ya mguu mmoja humwamsha usingizini usiku baada ya usiku, au aliyekonda bila sababu, au aliye na uvimbe unaoendelea kukua hata asipocheza, kwa kuwa saratani ya mfupa, ingawa ni nadra, hupenda mahali pale pale karibu na goti na katika umri ule ule. Goti lililovimba lote, lenye moto, pamoja na homa, halingoji kesho. Mtoto mwenye selimundu, maradhi ambayo familia nyingi za Pwani zinayajua, akiumwa mifupa na kupata homa aende hospitali saa ile ile.

Na liko moja ambalo huwapotosha hata wauguzi. Nyonga ikiharibika, maumivu yake huweza kusikika gotini. Kwa vijana wa miaka 10 hadi 15, hasa wenye uzito mkubwa, kichwa cha mfupa wa paja huweza kuteleza kutoka mahali pake, na mtoto akasema goti tu. Mtazame anavyotembea: anachechemea, na unyayo umegeukia nje. Mlaze chali, umkunje goti kuelekea kifuani. Ikiwa paja linakwenda upande badala ya kuja moja kwa moja, au akilia kwa nyonga, asitembee tena. Mbebeni, mtafute gari, mfike hospitali siku hiyo hiyo, na mwombeni daktari aipige picha nyonga na si goti peke yake.