Bango la Duka Likianza Kupepesa
Mwenye duka, bango lako la nje likianza kupepesa, nakusihi usirudishe tyubu za zebaki: chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, utengenezaji wa tyubu hizo unakoma ifikapo mwisho wa 2027. Weka LED, ila usimwachie fundi achague peke yake. Kwa masika na hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, dai vijitaa vya volti 12 visivyoingiza maji, vyenye alama ya IP67. Pawa saplai ya vijitaa hivyo ibakiwe na akiba ya nguvu ya asilimia 20 hivi. Ikielemewa ndani ya boksi lenye joto, hufa mapema. Choki ya tyubu za zamani ing'olewe. Na tyubu kuukuu, tafadhali, zisivunjwe jalalani: watoto huokota vitu pale.